Mjamzito hachanjwi rubela, huchanjwa kabla

Kuna habari inayosema mjamzito aliyekaa na mtoto mwenye vipele vya rubela, ugonjwa wa virusi unaoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, akimbilie chanjo. Hapana jamani, hilo lirekebishwe. Chanjo ya surua na rubela ina virusi hai vilivyodhoofishwa, mjamzito hapewi. Achanjwe kabla, kisha angoje mwezi mmoja ndipo ashike mimba. Anayenyonyesha anaweza kuchanjwa.

Kenya ilianza kuitoa chanjo hii 2016, kwa watoto wa miezi 9 na 18. Aliyekuwa mtu mzima wakati ule huenda hana kinga kabisa, na hao ndio wanaozaa sasa hapa Lamu.

Mjamzito aliyekutana na mgonjwa wa rubela apige simu kliniki kwanza, asiketi foleni na wajawazito wenziwe, apimwe damu. Mgonjwa huambukiza tangu siku 7 kabla ya vipele. Mimba ikiwa chini ya wiki 12 ndiyo hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni: uziwi, mtoto wa jicho, moyo wenye kasoro.

Na wanaopeleka chanjo Faza, kisiwani Pate, kwa boti, tafadhali: kikasha cha barafu kifunikwe, nyuzi 2 hadi 8. Chupa ikishachanganywa ni saa 6 tu, inayobaki imwagwe. Iliyopigwa na jua haikingi mtu.