Sajini meja wa Colito aliitwa nani?

Kati ya maelezo yote ya nishani za Vita vya Pili niliyowahi kusoma, yanayonikera zaidi ni ya Sajini Nigel Leakey wa Keya (King's African Rifles, KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza Afrika Mashariki), mzaliwa wa Kenya, binamu wa Louis Leakey, yule mchimbua mabaki ya watu wa kale kule Olduvai. Victoria Cross (VC), nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, aliistahili, hapo sina ubishi. Tarehe 19 Mei 1941 kule Colito, Ethiopia, kombania mbili za 1/6 KAR (batalioni ya Tanganyika hiyo, ndo ilikuja kuwa Tanganyika Rifles) zimevuka mto Billate, hazina silaha nzito, mara vifaru vya Waitaliano hao wanachomoka porini. Leakey mabomu ya mota yameshamwishia, karuka juu ya kifaru, kafungua mfuniko, kawamaliza waliomo kwa bastola kasoro dereva, kamlazimisha aendeshe mpaka mafichoni, kajaribu mzinga wake ukagoma, kashuka akisema vingine atavifuata kwa miguu. Akarukia kingine, akaua mmoja, kifaru cha nyuma kikamdungua.

Sasa hebu rudi hapo kwenye kwa miguu. Maelezo rasmi yanasema alikwenda na sajini meja Mwafrika na askari wengine wawili. Basi, imeishia hapo! Yaani maneno aliyotamka Leakey yameandikwa, vifaru viwili vikapita, cha tatu akakirukia, cha nne kikamuua, vyote vimehesabiwa, ila watu watatu walionyatia chuma pamoja naye hawana hata jina.

Kuna watakaoniambia enzi za mkoloni ndo zilikuwa hivyo. Mi sikubali kirahisi, maana Wagurkha wa Nepal waliipata VC vita hiyo hiyo, Mfiji Sefanaia Sukanaivalu naye akaipata, na hao si Wazungu. Halafu nishani ya Leakey ilitangazwa Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye, muda wa kuuliza nani alikuwepo ulikuwa tele. Na sajini meja wa kombania si mtu wa kusahaulika jamani, kila kuruti anamjua, sauti yake tu ikisikika watu wanajiweka sawa.

Sisemi Leakey anyang'anywe kitu. Ila kama babu yako alikuwa 1/6 na aliwahi kusimulia habari za vifaru vya Colito, pekueni yale masanduku ya bati, tafuteni hati yake ya kuachia jeshi, namba na cheo vimo, mkipata jina litajeni hadharani.