Sheria Mbili Juu ya Dari Moja: Nani Anauharibu Mji wa Lamu?

Kila zege inapomwagwa Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale wa Lamu, lawama humwendea mwenye nyumba: hajui thamani ya urithi, ana tamaa, ameuza sifa za mji kwa mifuko ya saruji. Kiufundi, lawama hiyo haikosi ukweli. Lakini haizigusi sheria zilizomfikisha hapo.

Wahifadhi wana hoja, na isidharauliwe. Mji wa Kale wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986, ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na leo unalindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006. Ukuta wa mawe ulioukinga zamani haupo tena. Ukuta wa sasa ni mstari kwenye ramani, unaozunguka hekta 16. Ndani ya mstari huo mwenye nyumba huambiwa mambo mawili makubwa: usiongeze urefu, usibadili vifaa.

Hili la vifaa lina sababu. Ukuta wa Lamu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, unene wake kama nusu mita, nao hunyonya maji kutoka ardhini. Ukipakwa chokaa, unyevu hutoka taratibu kupitia plasta. Ukipakwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, hupanda pamoja na chumvi yake. Chumvi hujijenga nyuma ya plasta, ikisukuma kidogo kidogo, na siku plasta inapobanduka huondoka na uso wa jiwe. Baya zaidi halionekani: unyevu hufika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, vikaoza humo humo ilhali katikati boriti ni nzima kabisa. Fundi mzoefu huigonga boriti kwa nyundo karibu na ukuta. Ikilia kavu, ni nzima. Ikilia butu, haina muda. Na anayeing'oa dari yote akaweka zege hajapona, kwani mchanga wa pwani una chumvi, nondo hushika kutu, huvimba na kuipasua zege kutoka ndani.

Kwa hiyo mhifadhi anapomwambia mtu atumie chokaa na boriti, anamwambia kweli. Swali ni je, atazipata wapi?

Upana wa chumba cha Lamu huamuliwa na mti. Boriti ya mkoko hubeba salama mita mbili na nusu au zaidi kidogo, ndiyo maana msana na ndani, yaani vyumba vya nje na vya ndani vya nyumba, ni virefu na vyembamba. Chumba cha urefu wa mita nane, boriti zikipangwa kila baada ya robo mita na ushei, kinataka boriti thelathini hivi, kila moja kipenyo cha sentimita 12 takriban. Thelathini tu. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, lakini Februari 2018 serikali ilipositisha ukataji miti nchini, mikoko haikuachwa, na wakataji wa Lamu walijikuta bila kazi. Kwa mwenye dari inayovuja, maana yake ilikuwa hii: sheria moja ilimlazimisha kutumia boriti, amri nyingine ilimkataza boriti, na masika hayangoji. Mikoko inastahili ulinzi, sina ubishi na hilo. Ila miti thelathini ya kuokoa nyumba iliyolindwa kisheria haikupaswa kuhesabiwa sawa na shehena ya biashara. Aliyeamua kuweka zege wakati ule alitumia kilichokuwa kinauzwa dukani.

Kisha kuna suala la urefu, na hapa mwenye nyumba anaeleweka vibaya zaidi. Nyumba ya Lamu haikuwahi kuwa kitu kilichokamilika. Binti akiolewa alitengewa makao ndani ya nyumba ya kwao, na ardhi ilipokosekana, nyumba ilipanda juu au ikavuka uchochoro kwa wikio, chumba kinachoning'inia kati ya kuta mbili. Sura ya mji tunayoihifadhi imetokana na kina baba waliokuwa wakiwajengea binti zao. Mpango uliogandisha urefu katika miaka ya 1980 ulihifadhi matokeo ukaizuia desturi iliyoyazaa. Wasiwasi wa wahifadhi nauelewa: ghorofa za leo hujengwa kwa matofali ya saruji juu ya msingi ambao haukupimwa, na ghorofa moja ikiruhusiwa, jirani naye atadai yake. Hata hivyo, katazo la jumla humweka mzee anayetafutia binti yake vyumba viwili kapu moja na mwenye hoteli ya ghorofa nne.

Ongeza mirathi. Nyumba moja, warithi wanane, wengine Mombasa, wengine Uarabuni. Kila ukarabati unataka ridhaa ya wote na fedha za baadhi. Inayochelewa hivyo huishia kuuzwa. Mnunuzi mgeni huirudishia chokaa, zidaka, vishubaka vya ukutani, zikang'aa, na kwenye ripoti inaandikwa imehifadhiwa. Familia iliyouza iko Wiyoni, nje ya Mji wa Kale, kwenye nyumba ya matofali. Nyumba imepona, mtaa umehama. Mimi siwezi kuuita huo ushindi.

Kinachohitajika si kulegeza masharti ya vifaa. Kibali cha ukarabati kitolewe pamoja na kibali cha boriti, idadi yake ikiandikwa kwa kipimo cha chumba, ili afisa wa misitu na afisa wa Makavazi wasome karatasi moja. Chokaa ichomwe, izimwe kwa maji na kulazwa ikomae mapema kwenye mashimo ya pamoja, kwa sababu aliyevujiwa leo hawezi kusubiri wiki kadhaa chokaa ilale, na hapo ndipo saruji hushinda. Vichwa vilivyooza vitibiwe kwa kuegemeza dari na kupachika boriti mpya ubavuni mwa ile mbovu, jambo linalogharimu sehemu ndogo tu ya kujenga dari upya. Na ombi la ghorofa lipimwe nyumba kwa nyumba: msingi ukichunguzwa, vifaa vikiwa chokaa na boriti, na mwombaji akiwa anaishi humo, jibu liweze kuwa ndiyo.