Aliyekatwa Ndiye Moyo wa Getz/Gilberto

Wengi wanaoujua wimbo "The Girl from Ipanema" wameusikia nusu tu. Kwenye Getz/Gilberto, albamu ya mpiga saksafoni Mmarekani Stan Getz na mwimbaji na mpiga gitaa Mbrazili João Gilberto iliyotoka mwaka 1964, wimbo huo unazidi dakika 5, na anayeanza kuimba ni João, kwa Kireno. Astrud, aliyekuwa mkewe wakati huo, anaingia baadaye kwa Kiingereza. Ilipotayarishwa singo ya kupigwa redioni, sehemu ya João ikaondolewa yote, na kilichobaki hakikufika hata dakika 3. Singo hiyo ilipanda hadi nafasi ya 5 kwenye chati ya Marekani, ikaenea duniani kote, na mpaka leo unaisikia ukisubiri lifti au ukikaa mapokezi ya hoteli.

Nimeisikiliza albamu hii kwa miaka mingi. Nikiulizwa kwa nini haichakai, jibu langu ni huyo huyo aliyekatwa.

Sikiliza gitaa lake. Kidole gumba kinashika nyuzi nene na kutoa mapigo yaliyotulia, yanayochukua nafasi ya surdo, ile ngoma kubwa ya samba, muziki wa Brazil. Vidole vingine vinadonoa nyuzi kwa pamoja huku vikiyakwepa mapigo hayo, kazi ambayo mtaani hufanywa na kijingoma cha tamborim. Kundi zima la samba limeingia kwenye mkono mmoja wa mtu aliyekaa kitini. Na mizizi ya midundo hiyo iko Afrika. Ilivuka Atlantiki na watu waliotekwa na kuuzwa utumwani kutoka Angola na Kongo, ikakulia Bahia na Rio de Janeiro, nchini Brazil. João mwenyewe ni mzaliwa wa Juazeiro, Bahia, kando ya mto São Francisco. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema bossa nova, mtindo huu wa João uliotoka kwenye samba, ni muziki laini wa kupumzikia ufukweni. Mimi nasikia ngoma humo ndani, tena ngoma nyingi.

Juu ya gitaa hilo inakuja sauti, na hapa ndipo penye utamu wenyewe. Haitetemeshwi, haina mbwembwe, haipandi. Anaimba kama mtu anayezungumza na mwenzake waliyekaa kiti kimoja. Lakini maneno hayafuati gitaa kwa utii: yanachelewa kidogo, yanawahi kidogo, halafu yanatua pamoja nalo kana kwamba hayakuwahi kuachana. Kwenye "Doralice" mchezo huo unakwenda kwa kasi ya kushangaza. Jaribu kuimba naye uone utakavyopotea.

Kazi yote ilirekodiwa kwa siku mbili, tarehe 18 na 19 Machi 1963, katika studio za A&R jijini New York. Mtayarishaji alikuwa Creed Taylor, na fundi mitambo Phil Ramone. Antônio Carlos Jobim, mtunzi wa nyimbo nyingi zilizomo, alikaa kwenye piano akapiga noti chache mno kwa mtu mwenye kipaji chake. Pale ambapo mwingine angejaza nafasi, yeye aliiacha wazi. Milton Banana naye alizigusa ngoma zake kwa upole ambao wapigaji wengi hawauwezi.

Stan Getz ana saksafoni yenye sauti nzuri ajabu, na bila jina lake albamu hii huenda isingefika ilikofika. Lakini wakati mwingine naona anapiga kwa nguvu kuliko wimbo unavyotaka, hasa kwenye "Só Danço Samba". Yeye na João hawakuwa na lugha moja, ikabidi Jobim awe mkalimani wao, na mara nyingine nahisi pengo hilo limo ndani ya muziki. Kwenye "O Grande Amor" simlaumu kwa lolote. Pale anasikiliza kabla ya kupuliza.

Haya sisemi ili kumpunguza Astrud. Hakuwa mwimbaji wa kulipwa, na aliimba nyimbo mbili tu, lakini ule unyoofu wa sauti yake hauna mfano. Hata hivyo jina lake halikuwekwa mbele ya jalada. Aliyepiga besi, Sebastião Neto, yalimpata makubwa zaidi, kwa kuwa sifa zake ziliandikwa kwa jina la mtu mwingine, Tommy Williams. Albamu ilishika nafasi ya 2 Marekani. Mwaka 1965 ikapata tuzo za Grammy, ikiwemo ya Albamu ya Mwaka, ambayo hakuna albamu ya jazi iliyokuwa imeitwaa kabla yake. Muziki uliopendwa kiasi hicho ulistahili kuwataja wote walioufanya.

Kuna jambo jingine linalonigusa kila nikiisikiliza. Mwaka ule ule albamu ilipotoka, mwanzoni mwa Aprili, wanajeshi waliipindua serikali ya Brazil, wakatawala hadi 1985. Vinicius de Moraes, aliyeandika mashairi ya wimbo wa Ipanema, alikuwa mwanadiplomasia, na utawala huo ukaja kumfukuza kazi. Dunia ilikuwa inaipenda Brazil ya kwenye santuri wakati Brazil yenyewe inafungwa mdomo. Ukilijua hilo, huwezi tena kuusikia upole wa nyimbo hizi kama uvivu wa watu wasio na shida.

Anayetaka kumjua João asianze na wimbo wa kwanza. Aanze na wa tatu, "Para Machucar Meu Coração", samba ya Ary Barroso ya miaka ya 1940, iliyotungwa kabla bossa nova haijazaliwa. João hakuzidharau samba za wazee. Alizivua mapambo, akazipunguza mwendo, akaziimba kwa heshima, na huu kauimba vizuri kuliko chochote kingine katika albamu nzima.