Hospicio Cabañas: walijengewa wanyonge, je ilikuwa sawa kuwatoa?

Ukitaja Hospicio Cabañas, jengo la zamani la kutunzia wasiojiweza huko Guadalajara, Mexico, watu wanakimbilia michoro ya ukutani ya mchoraji José Clemente Orozco. Sikatai, michoro ile ni mizito, aliichora kwenye kanisa la ndani mwishoni mwa miaka ya 1930, na yule mtu anayewaka moto juu kwenye kuba anatisha kweli. Ila mi naona kazi kubwa zaidi ni ramani yenyewe ya jengo na haipewi heshima yake.

Askofu Juan Ruiz de Cabañas alitaka sehemu ya kuwahifadhi yatima, wazee, walemavu na wagonjwa wa muda mrefu, kazi ya kuchora ramani akapewa msanifu majengo Manuel Tolsá, ujenzi ukaanza mwanzoni mwa miaka ya 1800. Sasa angalia jamaa alivyofikiria, ana eneo la kama mita 164 kwa 145, angeweza kupandisha ghorofa la kifahari likaonekana mji mzima, yeye akalaza karibu kila kitu chini, kimo cha mita 7.5 hivi, kuba la kanisa ndo limeachwa lipande hadi kama mita 32. Maana yake mzee wa mkongojo au mtoto asiyeweza kutembea hana ngazi za ghorofani za kumshinda. Halafu akaacha nyua 23, nyingi zina vibaraza pembeni, kwa hiyo vyumba vinapata hewa na mwanga na mtu anatoka nje bila kuchomwa na jua. Miaka 200 iliyopita hiyo! Leo kuna hospitali mpya kabisa mgonjwa anabebwa mgongoni kwa sababu lifti imekufa.

Wapo wanaoliona kwa jicho lingine, na hoja yao ina uzito. Wanasema nyua zile zile zinazoleta hewa ndo zinazotenganisha watu, huku wavulana, kule wasichana, wazee kwao, na wote wako nyuma ya ukuta mmoja mrefu, masikini wa mji wamekusanywa wasionekane barabarani. Mtoto anakulia humo na wenzake kibao, hajui nyumba ya kawaida inaendeshwaje. Na wakati wa vita vya uhuru wa Mexico vilivyoanza 1810 jengo likageuzwa kambi ya jeshi, sasa wanauliza, nyumba ya huruma gani inawafaa askari kirahisi hivyo? Hapo mi sikubaliani nao, jeshi huchukua jengo lolote kubwa lenye nafasi, hilo sio kosa la Tolsá. Ila la watoto kulelewa kwa mamia nakubali kabisa, hata ramani nzuri vipi haiwezi kuwa mzazi.

Ndo maana 1980 watoto walipohamishwa siwezi kusema ilikuwa vibaya, kwao naamini ilikuwa afadhali. Kinachoniuma ni kwamba jengo zima likawa kituo cha utamaduni, na 1997 UNESCO wakaliingiza kwenye Urithi wa Dunia wakisifia hasa jinsi lilivyobuniwa kwa mahitaji ya wakazi wake, wakati wakazi hawapo tena. Mtu atasema makumbusho ndo yanayoleta hela ya kutunza kuta, sawa, lakini Firenze kule Italia kuna Ospedale degli Innocenti, nyumba ya kulea watoto waliotelekezwa iliyobuniwa na msanifu Brunelleschi, ilianza kujengwa 1419, ina makumbusho vizuri tu na bado taasisi yake inahudumia watoto wadogo na akina mama, na UNICEF walianzisha kituo chao cha utafiti humo humo. Kwa hiyo inawezekana.

Mi ningeacha kanisa na nyua za mbele kwa wageni, nyua mbili tatu za nyuma ziwe za wazee wa mji kushinda mchana, au darasa la watoto wenye ulemavu, wanarudi kwao jioni. Ghorofa halipo, vibaraza vipo, hakuna cha kubomoa.