Nibiru Inakuja, Luku Nanunua Mimi

Jamani, mimi na shemeji yangu hatuna ugomvi, ila hizo video zake ndizo zitakazonitoa roho. Mwanaume mzima, ndevu zimejaa, ukimwambia achangie luku anakutazama kwa huruma: "Shem, sayari ya Nibiru iko njiani, wewe unahangaika na yuniti?" Na hiyo Nibiru anaiangalia kwa bando langu.

Eti zamani kule Sumeri, kusini mwa Iraki ya leo, walishuka viumbe kutoka angani wakiitwa Anunnaki. Habari hiyo aliisambaza bwana mmoja, Zecharia Sitchin, kwa kitabu alichokitoa mwaka 1976. Kwa maelezo yake, Nibiru inalizunguka jua mara moja kila miaka 3,600, na wakazi wake walifuata dhahabu ya kukarabatia anga la kwao. Waliichimbia wapi? Kusini-mashariki mwa Afrika! Hapo nikaweka kijiko chini. Yaani hata mtu wa sayari nyingine akipungukiwa kwao, shimo anakuja kulichimba kwetu. Halafu walipochoka wakatuumba sisi tuwachimbie. Mkataba uko wapi? Mrabaha nani kala? Shemeji ananiambia nisubiri sehemu ya pili.

Na kiama chenyewe, cha Nibiru kuja kuiangamiza dunia, hakina ratiba. Mama mmoja Mmarekani, Nancy Lieder, aliyedai kupokea ujumbe wa viumbe wa nyota za mbali, alitangaza sayari itafika Mei 2003. Wapi! Ikasogezwa hadi Desemba 21, 2012, wakaikoroga na kalenda ya Wamaya, watu wa bara jingine kabisa. Wapi! Septemba 2017 ikatangazwa tena. Hata fundi cherehani wangu, yule wa "njoo Ijumaa", angeona aibu. NASA, shirika la anga la Marekani, walijibu kifupi tu: sayari kubwa namna hiyo ingekuwa karibu, tungeiona kwa macho makavu.

Kinachoniuma ni kwamba vigae vyenyewe vya udongo, walivyoandikia watu wa kale wa huko Iraki, vina vituko kuliko video zote. Kuna utenzi wa Atrahasis, ulioandikwa na Wababeli waliowarithi Wasumeri, nakala yake ya karne ya 17 kabla ya Kristo ipo. Humo miungu wadogo, Igigi, wanachimbishwa mito na mifereji mpaka wanachoka, wanachoma majembe yao moto, wanaizingira nyumba ya bosi wao Enlil usiku wa manane. Mgomo huo! Suluhisho likawa kumchinja mungu mmoja, damu yake ikakandwa na udongo, akatoka binadamu wa kubeba kazi. Dhahabu haina habari humo. Sisi tuliajiriwa kwenye mifereji.

Basi binadamu wakazaana, wakapiga kelele mpaka Enlil akakosa usingizi. Akaleta tauni, akaleta ukame, mwisho gharika. Mimi hapo, Mungu anisamehe, nilimwelewa. Nimepanga chumba katikati ya baa na banda la kuonyesha mpira, na mama wa chumba cha mbele anatwanga alfajiri. Mpangaji mwenzangu yule Enlil, kasoro yake alikuwa na uwezo.

Ila baada ya gharika miungu wakashikwa na njaa, maana waliokuwa wakiwapikia sadaka wamekufa maji. Atrahasis aliyenusurika alipochoma sadaka yake, wakajazana juu yake kama nzi. Miungu! Nikamwambia shemeji, kiama cha hawa jamaa kilishapita, tena waliokileta walijuta siku hiyo hiyo, kwa hiyo toa ya luku. Akanyamaza, akaongeza sauti ya simu.

Juzi kaja kanyooka, kachomekea shati, ananiita "kaka" badala ya "shem". Kumbe kuna pikipiki za mkopo, marejesho miezi kumi na minane, anataka nimdhamini. Nikamuuliza, na Nibiru je? Akasema hiyo inaweza ikachelewa kidogo.