Matajiri Wamenuna, Mimi Ndiye Naulizwa

Mpwa wangu kaja likizo kutoka Dar na flashi mfukoni. "Mjomba, leo tuangalie filamu ya watu wenye akili." Akaweka Interiors ya Woody Allen, ya mwaka 1978. Wapangaji wote wa nyumba yetu hapa Makorora, Tanga, wakajazana sebuleni kwangu.

Muziki wa kuongozea hamna. Jirani akainuka kugonga spika, kumbe filamu ndivyo ilivyo! Watu wanazungumza polepole, wananyamaza, wanatazama bahari dirishani. Jamani, bahari sisi tunayo pale Raskazone. Anayeikodolea macho anangoja ngalawa zirudi na samaki, hana huzuni yoyote.

Baba mtu ni mwanasheria, pesa anazo. Asubuhi, mezani, mbele ya mabinti wakubwa, anamwambia mkewe anataka watengane kwa muda, akakae peke yake. Mke hata sauti hapandishi. Sebuleni kwangu wanawake wakaguna, kisha mama watoto akageuka kunitazama mimi. Mimi! Kodi ya chumba hiki bado nadaiwa, nitakaa peke yangu wapi?

Mke mwenyewe kazi yake ni kupamba nyumba za watu, na kila kitu chake rangi ya uji. Anamletea bintiye chombo cha maua cha bei mbaya, kisha anaanza kuulizia taa kwa nini imehamishwa. Mama mkwe wangu, aliyefika juzi kutoka Pangani na tayari kahamisha jiko letu la mkaa, akatikisa kichwa: "Huyu mama anajua nyumba." Geraldine Page, anayemwigiza mke huyo, kaigiza vizuri mno, sikatai. Lakini mwanamke wa Ngamiani angeshajibu kwa khanga kabla ya adhuhuri, mtaa mzima ukasoma.

Baadaye sana mume analeta mwingine, Pearl, kavaa nyekundu. Anakula, anacheka, anacheza mpaka chombo kinavunjika. Tukapiga makofi! Mabinti wanamwona mshamba, na hata filamu yenyewe haijui imcheke au impende. Hapo ndipo ilipoharibika, wallahi. Una mtu mmoja mchangamfu, unamleta nusu yetu tumeshasinzia?

Mpwa karudi Dar na flashi yake. Mimi tangu siku ile nikikohoa tu mezani, chai haijamiminwa, mama watoto anaweka birika chini: "Haya, sema. Unataka kusema nini?"