Mteja akiwa "mteja", petroli analipa nani?

Kila Desemba ikikaribia, Kisumu hurudia ubishi uleule kuhusu vijana wa mizigo. Kuna wanaosema kampuni za vifurushi zimeua vibarua vya Krismasi: zamani aliyemaliza Kidato cha Nne alikuwa na matumaini ya wiki mbili za kupakia na kupakua, siku hizi unasimama getini hadi jua likuchome na hakuna anayekuita. Wengine wanajibu kwamba kazi haijafa, imepanda pikipiki tu, na mwanaboda mwenye bidii hurudi nyumbani na pesa ambazo kibarua wa zamani hakuziota. Sina ugomvi na upande wowote kati ya hizo mbili. Ninachoshangaa ni kwamba wote huhesabu mizigo iliyofika, na hakuna anayehesabu muda wa kusubiri.

Niseme kwanza nilikotoka. Desemba ya 2009 nilibeba mizigo siku 16 katika ofisi moja ya vifurushi mjini. Tulifika getini saa kumi na moja alfajiri. Msimamizi angetoka na kikombe cha chai mkononi, anyooshe kidole: wewe, wewe, na wewe wa shati jekundu. Wasiopata kidole walirudi Nyalenda kwa miguu. Walikuwepo wenzetu waliochaguliwa kila siku bila kukosa, na sababu yake tuliijua, ilipitia mfukoni. Kwa hiyo anayeililia enzi ile kana kwamba ilikuwa pepo, mimi simo.

Lakini nakumbuka rafu ya chini. Huko ndiko kulikolala mizigo isiyo na wenyewe: godoro lililokunjwa likakazwa kwa kamba ya mkonge, katoni ya sahani, gunia lililoandikwa kwa makapeni "Mama Otieno, Bondo, atapigiwa". Mwenyewe akija na kitambulisho, tunafungua daftari, anatia sahihi, anabebeshwa. Asipokuja, mzigo unalala. Ulale siku moja, ulale nne, jioni mimi nilipokea ujira wangu uleule wa siku. Usingizi wa mzigo haukunihusu.

Hilo halikuwa hisani ya kampuni, ndivyo nchi ilivyojengwa. Anwani ya Mkenya ni sanduku la posta, si mlango wa nyumba. Barua inawekwa kwenye sanduku, wewe unaifuata. Ofisi za mizigo za mabasi zilirithi desturi hiyo, na gharama ya kusubiri ikabaki kwa mpokeaji: yeye ndiye aliyepanda matatu kutoka Maseno au Ahero, yeye ndiye aliyepanga foleni.

Yaliyofuata mnayajua. M-Pesa ilikuja 2007 na bahasha za pesa zikatoweka kwenye mabasi. Jumia, duka la mtandaoni, lilipoingia 2013, watu wakazoea kununua kwa simu na kulipa wakipokea. Sasa mzigo unatakiwa ufike getini. Geti lenyewe halina namba. Maelekezo ni "ukipita Mamboleo, panda kama unaenda Riat, utaona kanisa, uliza kwa mama wa mboga". Anayezibadilisha sentensi hizo kuwa anwani ni kijana wa pikipiki.

Sasa tuwape kampuni haki yao, maana wanayo, na ni kubwa kuliko wanavyokubaliwa. Msimu wenyewe umevutika. Zamani ulikuwa wiki mbili kabla ya Krismasi. Leo unaanza na mauzo ya Black Friday mapema Novemba na hautulii mpaka shule zifunguliwe Januari. Hizo ni kama wiki tisa. Hapo ndipo sheria inapoamka. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinaongeza kwamba akifanya kazi mfululizo hadi siku zijumlike mwezi, ajira yake inageuka kuwa ya mwezi, na akifikisha miezi miwili anastahili masharti ambayo angeyapata kama asingeanza kama kibarua. Kwa msimu wa wiki mbili, kifungu hicho kililala fofofo. Kwa msimu wa wiki tisa, kila kijana uliyemnyooshea kidole getini ni mwajiriwa mtarajiwa, na Februari inakuja na ofisi tupu, gari limeegeshwa, na ofisi ya matatu ng'ambo ya barabara inabeba mizigo kwa bei ya chini. Mwenye kampuni akikuambia hawezi kuwalipa vijana 30 mwaka mzima kwa ajili ya msimu mmoja, hasemi uongo.

Kwa hiyo akageukia "mkandarasi", anayelipwa kwa kila mzigo uliofikishwa. Mzigo mmoja, malipo mamoja. Na si kila kijana aliburutwa huko. Wako wanaoupenda mpango huo kwa dhati. Hakuna kidole cha msimamizi, hakuna chai ya kumnunulia mtu, na kati ya mzigo na mzigo unabeba abiria. Hilo nalikubali.

Shida iko kwenye neno lile, "uliofikishwa".

Mwaka jana, wiki ya Krismasi, nilikaa kibandani Kondele nikinywa soda karibu na kijana aliyekuwa na mizigo kwenye kreti nyuma ya pikipiki. Alipiga namba, akasikiliza, akakata. Akapiga tena. Akamgeukia mwenzake: "Omera, huyu ni mteja."

Msomaji wa Kenya haelezwi utani huo. Yule sauti wa kwenye simu ametuambia mara nyingi mno kwamba mteja wa nambari uliyopiga hapatikani, mpaka simu iliyozimwa tukaiita mteja. Kwa kijana wa mizigo ni kejeli kamili: mteja wake ni mteja.

Na Desemba ndiyo mwezi wa wateja wa aina hiyo. Mtu ameagiza mzigo uletwe Migosi tarehe 15. Tarehe 21 amekwenda ushago, simu iko kwenye chaji kwa jirani mwenye umeme, au mtandao unakuja ukisimama chini ya mwembe. Mwingine yupo mjini lakini yuko kwenye harusi, hasikii. Mwingine anapokea vizuri tu: "Ningojee kidogo kijana wangu, niko njiani," na njia yenyewe ndiyo kwanza anavuka Ahero. Mwingine anaufungua mzigo, anautazama, anakumbuka karo ya Januari, anasema rangi siyo.

Tupige hesabu, ya mfano tu. Tuseme analipwa shilingi 100 kwa mzigo, asubuhi kapewa 20, sita hazikupokelewa. Ameingiza 1,400, lakini petroli ameichoma ya mizigo 20. Kesho anarudi na zile sita: Riat tena, Otonglo tena, Nyamasaria tena. Zikipokelewa zote analipwa 600 kwa safari alizokwenda mara mbili. Zisipopokelewa, kwa hizo sita amefanya kazi ya bure siku mbili mfululizo na hakuna daftari lililoandika. Kampuni ikitoa takwimu zake za msimu, zile safari hazimo. Mzigo ambao haukufikishwa hesabu yake ni sifuri.

Nimelirudia hili mara nyingi kichwani kwa sababu ndilo linalotenganisha Desemba yangu na yake. Tulibeba mizigo ileile. Nadhani hata idadi ya wasiochukua mizigo yao haijabadilika sana. Watu ni walewale na usahaulifu wao. Kilichohama ni gharama ya usahaulifu huo. Kwanza ilikuwa ya mpokeaji, kidogo ya kampuni kwa nafasi ya rafu. Sasa rafu ya chini inatembea kwa magurudumu mawili, na mwenye rafu ni kijana anayedaiwa pia malipo ya kila siku ya pikipiki ya mkopo. Akiangushwa na lori pale mzunguko wa barabara akirudisha mzigo ule, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamzungumzia mwajiriwa. Yeye si mwajiriwa.

Kuna na hili, sitalikalia sana: kibarua kilidai kitambulisho na mabega. Hiki kinadai pikipiki, na waendeshaji ni wanaume karibu wote. Ofisi yangu ya 2009 ilikuwa na wasichana wanne kwenye dawati la kupanga na kuandika. Kazi ile sasa inafanywa na simu.

Wauzaji wengi wameshapata dawa yao. Wanakwambia utume pesa ya usafiri kwanza, kisha mzigo uondoke. Wakenya tunacheka, maana sisi ni taifa la watu waliowahi kutuma nauli na mgeni asionekane. Sasa aliyetuma nauli ndiye asiyeonekana. Ni dawa nzuri. Lakini nilipomuuliza yule kijana wa Kondele kama pesa hiyo humfikia yeye, mteja akikosekana, alinitazama kama niliyeuliza bei ya mwezi wa angani. Nauli imelipwa, alisema, inakaa ofisini ikingoja mzigo upokelewe. Safari ya kwanza si yake.

Basi mabishano ya kumrudisha kibarua getini mimi naona yamepitwa, na kifungu cha 37 hakiwezi kumlazimisha mtu aajiri asiyemhitaji Februari. Swali dogo zaidi linajibika hata msimu huu: nauli iliyolipwa mapema, safari ikifanyika na mteja akakosekana, kwa nini isiende kwa aliyekwenda? Simu yake ina rekodi ya saa aliyofika na mara alizopiga. Kampuni zinaiona rekodi hiyo. Huitumia anapochelewa.